Maziwa ya Bi Mize

Gari lilikuwa limeshatoka getini nusu, pua barabarani na mkia bado uani, Sayyida aliposhusha kioo na kumwita Mwanakheri. Alikuwa amekumbuka mambo. Nguru yumo kwenye friza, droo ya chini. Kiyoyozi cha sebuleni kisizimwe, maana piano ikipata joto inakohoa. Na mama mkwe wake, Bi Shaikha, atakuja kila siku baada ya staftahi na ataondoka magharibi.

"Nshazungumza naye," alisema Sayyida. "Alkhamisi nlikwenda makaburini nkamweleza. Amekubali, ila hataki kuketi karibu na kiyoyozi."

Bi Shaikha alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba Sayyida alikuwa anahamia kwa dada yake, mji wa Qurayyat, kwenda kupumzisha masikio, na nyumba yao ya Azaiba, mtaa wa Maskati, ingebaki na watu wawili. Mmoja ni mumewe Sleyum, mstaafu wa wizara, ambaye hawezi kukaanga yai bila kuita zimamoto. Wa pili ni Mwanakheri, mtumishi wao kutoka Pangani. Mwanamume na mwanamke wasio maharimu, mchana kutwa, chini ya dari moja: majirani wa Azaiba wasingehitaji hata kuongeza chumvi. Usiku hakukuwa na neno, kwa sababu Mwanakheri alikuwa na chumba chake cha uani chenye komeo. Lakini mchana alitakiwa mtu mzima wa kukaa kati. Sayyida alimfikiria shangazi, akamfikiria jirani, wote wana shughuli zao. Bi Shaikha hakuwa na shughuli.

"Na pasipoti yangu, Bi Sayyida?" aliuliza Mwanakheri.

Sayyida aliupigapiga mkoba uliokuwa mapajani mwake, kama mtu anayembembeleza paka. "Imo humu. Iko salama."

"Najua iko salama. Riziki ndiye ninayemwogopea."

Mkataba wa Mwanakheri ulikuwa umekwisha tangu Shaabani, na binti yake Riziki, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa akihesabiwa kujifungua mfunguo tatu. Kwao Pangani mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mume humrudisha mke kwa mamaye, na mama humpokea, humkanda kwa maji ya moto, humfunga mkaja, humlisha uji wa pilipili manga mpaka arubaini itimie. Riziki alikuwa ameshapelekwa. Mama ndiye hakuwepo.

"Nnalijua hilo," alisema Sayyida. "Na mie Aflah huyu nlimzalia kwa mama yangu. Ni haki yako, bibie, hakuna anayekataa. Koncheto ikisha mie ntarudi, nkirudi wewe utakwenda. Lakini mtu huyu siwezi kumwacha peke yake, ataila piano."

Aflah, mwanawe, aliyekuwa amekamata usukani, alitazama saa. "Mama, yallah. Tutakuta foleni."

Mkia wa gari ukatoka, geti likajifunga lenyewe.

Koncheto, kwa asiyejua, ni muziki mrefu ambamo piano moja inabishana na okestra nzima. Sleyum alijifunza piano Kairo alipokuwa kijana, kwa bibi mmoja wa Kiarmenia aliyekuwa akimpiga vidole kwa mwiko, na tangu hapo aliamini kwamba ndani yake imo koncheto na kwamba kazi ya wizarani ndiyo inayoizuia kutoka. Alipostaafu kizuizi kiliondoka. Koncheto haikutoka. Aliagiza piano kubwa nyeusi, ikaingizwa kwa kuvunjwa ukuta wa sebule, na okestra akainunua ndani ya kompyuta: watu sitini wasiokula wala kwenda likizo. Kisha akaanza kupiga, alfajiri mpaka isha, mpaka Sayyida akaona nafuu avumilie watoto wa dada yake.

Sehemu ya kwanza ilikuwa tayari. Ilikuwa na radi nyingi. Ya pili, ile ya polepole, ndiyo iliyokataa. Kila alipoianza, piano ilisema yote peke yake, okestra ikakosa la kuongeza. Aliifuta, akaianza, akaifuta. Mimba zilikuwa zikiharibika moja baada ya nyingine.

Bi Shaikha alifika asubuhi ya pili, kwa miguu, akinukia udi na kafuri. Mwanakheri alimfunika kanga juu ya sanda, kwa sababu sanda ilikuwa nyeupe na kochi pia jeupe, na Sleyum alikaribia kumkalia. Walijuana vizuri, hao wanawake wawili. Mwaka wa mwisho wa uhai wake Mwanakheri ndiye aliyekuwa akimlisha, akimwosha na kumgeuza kitandani. Bi Shaikha mfu alikuwa nafuu kuliko Bi Shaikha mzima. Hakula, hakupelekwa msalani, na dawa zote alikuwa ameziacha. Kahawa aliinusa tu, kisha akakitikisa kikombe kuonyesha ameridhika, na Mwanakheri akaimwaga.

"Kabati hili lina meno," alisema siku hiyo ya kwanza, akiitazama piano.

"Ni piano, Mama," alisema Sleyum.

"Nnaona. Limekukosea nini hata unalipiga hivyo?"

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Sleyum anapiga, mamaye anasema, Mwanakheri anapika na kusikiliza. Kabla ya hapo Mwanakheri alikuwa akiusikia muziki ule kama mtu anavyousikia ujenzi wa jirani. Sasa hakuna mtu Maskati nzima aliyekuwa akiisubiri koncheto kwa roho juu kama yeye. Kila alipoingia na chai aliuliza kama mkunga.

"Imefika wapi, bwana?"

"Sehemu ya pili."

"Jana pia ilikuwa ya pili."

"Jana ilikuwa ya pili nyingine. Ile nimeifuta."

Kwenye simu Riziki alimwonyesha tumbo. Riziki alikwenda mbele, koncheto ikarudi nyuma. Aliyekuwa naye kule ni nyanyake tu, Bi Somoe, mamake Mwanakheri, bibi mwenye miguu mifupi kiasi kwamba kitandani hupandia kigoda.

"Nyanya hafiki mgongoni, mama," alisema Riziki. "Ananikanda kiuno, juu anapulizia."

Siku moja Sleyum alikuwa amekata tamaa akaamua kula. Aliweka sahani ya halua juu ya piano, pale pa karatasi za muziki, na huku akili yake iko mbali akaanza kupiga. Kwa kuwa mtu mwenye adabu hali kwa mkono wa kushoto, wa kulia ndio ulikwenda kwenye halua, na wa kushoto ukabaki kazini peke yake. Wa kushoto haukuzoea kubaki peke yake. Ulipiga haraka haraka, kwa uroho, kama unaogopa kunyang'anywa. Wa kulia ukarudi umechelewa, unanata, ukakuta mwenzake amekalia nafasi yote, ikabidi uguse pembeni tu, tii, tii-tii, ukingoja. Okestra ya kompyuta ilikuwa ikiendelea chini yake, inabembea.

Tone likaanguka chini ya piano. Likafuata la pili, halafu uzi mwembamba.

Mwanakheri aliona zulia linalowa, akaenda kuleta beseni la kurowekea mchele. Alichovya kidole, akanusa. "Maziwa," alisema. "Ya moto."

"Zulia limepata?" aliuliza Sleyum bila kuacha kupiga.

"Kidogo."

Alipofika mahali pa radi, maziwa yakakata. Akarudi kwenye ule uroho na kule kungoja, maziwa yakarudi. Alijaribu tena na tena, na kila mara ikawa hivyo hivyo. Sleyum alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba kipimo ni kipimo. Kuanzia hapo alitunga kwa beseni: kinacholeta maziwa kinabaki, kinachokausha kinafutwa. Kwa adhuhuri moja alifuta radi zote za miaka miwili, na hakuna aliyezililia.

Aflah alipopigiwa simu alimtuma Pius, fundi wa mtaa wa Ghala anayemtengenezea kiyoyozi cha gari. Pius alikuja na tochi, akavua viatu mlangoni, akajilaza chali chini ya piano kama anavyojilaza chini ya Landkruza. Sleyum akaambiwa apige. Pius alitazama, akapapasa, akatoka na ndevu zimelowa.

"Dada Mwanakheri, hii kitu haivuji," alisema.

"Na hayo maziwa?"

"Hayo yanatoka. Kuvuja ni kingine. Kinachovuja kina pa kuziba. Hapa nikiziba, arbab," alimgeukia tajiri wa nyumba, "utaipasua piano ya watu."

Sleyum alisema ahsante, na Mwanakheri akamletea chai. Maziwa ya dukani yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo alikuwa amechemsha ya beseni na kutia iliki. Pius alikuwa ameshakifikisha kikombe mdomoni Bi Shaikha aliposema kutoka kwenye kochi:

"Weka hicho, kijana. Utakuja kuwa ndugu yetu."

"Bibi, mimi Mkatoliki. Na nina miaka arobaini."

"Mnyonyaji akipita miaka miwili haihesabiki," alisema Mwanakheri. "Mwache anywe."

"Hata hivyo. Ukoo huu una watu wa kutosha." Bi Shaikha alinyoosha mkono. "Hebu nipe mie."

Tangu kufa hakuwa ameonja kitu. Alichovya ncha ya kidole kwenye beseni, akaiweka ulimini, akafumba macho yake ambayo kwa kawaida yalikuwa yakibaki wazi.

"Ya Mize haya," alisema.

"Mize nani?" aliuliza Sleyum.

"Mize binti Faraji. Aliyekunyonyesha."

"Si ulininyonyesha wewe?"

"Mie nlikuwa na harusi msimu ule." Alisema kama mtu anayesema alikuwa na mafua. "Harusi tano, na magauni yashashonwa. Mize alikuwa pale nyumbani, Malindi ya Unguja, naye kashazaa. Mamaake alikuwa wa nyumba ile, na bibi yake pia, nyinyi mnajua ilivyokuwa zamani. Kila asubuhi nkiyaonja mwenyewe, nijue kala vitunguu au hakula. Akila vitunguu wewe unajaa tumbo."

Pius alikunywa chai yake. Ilikuwa nzuri.

"Na mtoto wake yeye?" aliuliza Mwanakheri.

"Alikuwepo, mtoto wa kike. Sleyum kwanza mpaka alale. Akishalala, ndo wa kwake."

"Na kama hayakubaki?"

"Basi hayakubaki." Bi Shaikha alivuta kanga begani. "Halii lakini, yule mtoto. Alikuwa analazwa pembeni anapiga miguu tu. Anangoja, anapiga miguu. Ndo hiyo miguu unayoipiga sasa, Sleyum, kwa mkono wako wa kulia. Nkadhani umejitungia mwenyewe, kumbe unakumbuka."

Mwanakheri alikaa chini kwenye zulia, upande mkavu. "Bibi yangu ni Mize binti Faraji," alisema. "Alivuka kwenda Pangani baada ya mapinduzi. Huyo mtoto ni Somoe, ni mama yangu. Miguu yake haikuwahi kurefuka."

"Alaa," alisema Bi Shaikha. "Ndo maana nlivyokuwa mzima nkamwambia wakala, mtu wa kunitazama aletwe wa Pangani. Wale wameshatuzoea."

Ilimchukua Mwanakheri muda mfupi kupanga hesabu ya damu, au ya maziwa. Sleyum alinyonya ziwa moja na mamake. Sleyum na Somoe ni ndugu wa kunyonya. Kaka wa mama ni mjomba. Mwanamume huyu mwenye halua kwenye vidole ni mjomba wake, maharimu yake, kama vile wametoka tumbo moja.

Alifurahi. Si kwa sababu ya ukoo. Ukoo alikuwa nao wa kumtosha. Alifurahi kwa sababu Pangani mjomba ndiye anayeitwa mambo yakikwama. Mjomba ndiye anayegonga meza. Mtu mwenye mjomba Maskati hashindwi na mkoba wa mwanamke.

Sleyum alimwambia, "Mpwa wangu," na macho yake yakalowa kwa dhati kabisa. Kisha akageuka akaendelea kupiga, kwa sababu beseni lilikuwa halijajaa.

Aliimaliza koncheto kabla mfunguo pili haujaisha. Sehemu ya pili ilikuwa ni ya ulaji mtupu: piano inanyonya, okestra inabembea, na nyuma kabisa fidla moja nene, ile wanayoiita viola, inapiga miguu ikingoja zamu. Sehemu ya tatu piano inashiba, inasinzia, inalala. Msikilizaji anadhani sasa ndiyo zamu ya viola. Viola inaanza, tii, tii-tii, na muziki unakwisha. Sleyum alijaribu kuipa viola zamu yake, nafasi ya dakika moja tu. Maziwa yakakata papo hapo. Akaifuta ile dakika.

Siku hiyo Bi Shaikha alisimama kabla ya magharibi, akaikunja kanga na kuirudisha kwa mwenyewe. "Khalas. Mtu na mjomba wake hawahitaji wa kukaa kati. Mie narudi kulala."

"Bibi, kabla hujaenda," alisema Mwanakheri, "waambie wanipe pasipoti. Wewe watakusikia."

"Nlipokuwa hai hawakunisikia, watanisikia leo?"

"Basi japo useme neno kuhusu mama yangu."

Bi Shaikha alifikiri. "Mie nliitwa kukaa," alisema. "Sikuitwa kuomba radhi." Akatoka kwa miguu, akikwepa jua.

Mwanakheri alimpigia Sayyida simu kule Qurayyat. Alimweleza yote, piano, maziwa, Mize, na kwamba koncheto imekwisha, kwa hiyo ahadi ni ahadi. Nyuma ya Sayyida zilisikika kelele za watoto, na alionekana kuzifurahia.

"Alhamdulillahi," alisema Sayyida. "Umenitua mzigo, wallahi. Kumbe mjomba wako. Basi hakuna haja ya mie kurudi mbio, hakuna wa kusema neno. Mimi huku nshazoea, usingizi naupata."

"Bi Sayyida, ulisema ukirudi nitakwenda."

"Nkirudi, ndiyo. Sasa sirudi. Na we bibie, utamwachaje mjomba wako peke yake, mtu mzima yule?"

Alimwendea mjomba mwenyewe. Alimkuta ameweka karatasi mpya juu ya piano na kuandika juu yake: koncheto ya pili.

"Mjomba," alisema Mwanakheri. Neno lilimtoka kwa taabu kidogo, kama kiatu kipya. "Riziki amebakisha wiki chache. Nikomboe."

"Nikukomboe nini? Umefungwa?"

"Pasipoti iko kwa mkeo."

"Mambo ya mikoba ya wanawake siyaingilii, unanijua."

"Basi nipe ruhusa ya likizo, nikaombe kwa jina lako."

Sleyum aliweka kalamu chini. Aliguswa, ilionekana wazi. "Likizo ni ya mfanyakazi, mpwa wangu," alisema kwa upole. "Tulipokuwa hatujui, ulikuwa na haki ya likizo. Sasa wewe ni mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani anakwenda likizo wapi?"

Mwanakheri alirudi chumbani kwake uani, akatia komeo, na siku ya pili hakuingia ndani. Aligoma. Sleyum alikula halua kavu asubuhi, mchana na jioni, na alipoketi kwenye piano akapiga ule uroho na kule kungoja vidole vikamuuma. Hakikutoka kitu. Piano ilikuwa kavu kama jiwe la milima ya Qantab. Mwanakheri alipotoka kesho yake kwenda kuanua nguo zake, akapita tu karibu na dirisha, beseni likaanza kulia. Hivyo ndivyo walivyojua kwamba maziwa hutoka yeye akiwepo. Mgomo wake ulikuwa umethibitisha kwamba hawezi kuachiwa.

Pius alimpeleka kwa gari la gereji mpaka kwenye ofisi moja ya malalamiko. Nyuma ya kioo alikaa kijana aliyenyoa vizuri, akauliza tajiri wako ni nani. Mwanakheri hakuwa mwongo. Alisema ni mjomba wangu wa kunyonya. Kijana alimpongeza, akasema jambo hilo lina thawabu kubwa, kisha akamweleza kwamba dirisha lile ni la wafanyakazi.

"Ungesema ni kafili wako tu, tajiri aliyekuleta," alisema Pius njiani.

"Ni mjomba wangu."

"Ndiyo. Lakini ungesema nusu."

Koncheto ilipigwa mfunguo tatu, katika ukumbi mkubwa wenye marumaru, na okestra ya watu wa kweli. Mwanakheri alikaa mstari wa mbele na ukoo, kati ya Aflah na kiti cha Bi Shaikha kilichoachwa wazi kwa heshima, akiwa amevaa abaya ya zamani ya Sayyida. Sayyida mwenyewe alikuja jioni ile ile na pamba masikioni, na mkoba mapajani. Ulikuwa karibu kiasi kwamba Mwanakheri angeweza kuunyooshea mkono. Aliunyoosha. Sayyida aliukamata mkono huo, akaushikilia kwa mapenzi, akauweka juu ya mkoba na kuuwekea na wa kwake juu, na hivyo ndivyo walivyokaa mpaka mwisho.

Kwenye kitabu cha programu kulikuwa kumeandikwa: Koncheto ya Kwanza, kwa ajili ya mama yangu mpenzi, marehemu Shaikha, ambaye maziwa yake ndiyo muziki wangu wa kwanza.

"Si maziwa yake," alinong'ona Mwanakheri.

"Ni namna ya kusema," alinong'ona Aflah.

Katika sehemu ya pili maziwa yalianza. Ukumbi ulikuwa umearifiwa, na vijana wawili waliovaa glavu nyeupe waliingia kwa adabu na ndoo za fedha, wakazibadilisha kila zilipojaa. Yaliyozidi yalitiririka mpaka kwenye ukingo wa jukwaa, na mabibi wa mstari wa mbele wakainua mabaibui. Mpiga viola alikuwa msichana mwembamba kutoka nchi ya baridi. Alipiga miguu yake ya muziki nyuma kabisa, akingoja. Piano ikashiba, ikasinzia, ikalala. Msichana akainua upinde. Tii, tii-tii. Muziki ukaisha, akabaki ameushika upinde hewani huku watu wote wamesimama wakipiga makofi, na hakujua aushushe lini.

Mwanakheri hakusimama. Simu ilikuwa imetikisika kwenye abaya. Ulikuwa ni ujumbe wa sauti kutoka Pangani, mfupi: mtoto analia, Bi Somoe anaburuta kigoda, Riziki anasema, "Mama, wa kike. Uko wapi?"

Baada ya hapo mambo yalikwenda hivi. Bi Shaikha amelala na haitiki tena hata Alkhamisi. Sayyida yuko Qurayyat, masikio yamepona, na huja Azaiba siku za Idi. Aflah amepandishwa cheo. Pius amefungua gereji yake mwenyewe kule Ghala, na watu wenye piano humtafuta, naye huwaambia hazivuji. Sleyum yuko kwenye koncheto ya tano. Wajuzi wameandika kwamba hakuna anayejua kungoja katika muziki kama yeye, na viola hazijapewa zamu hata moja. Yule msichana mpiga viola alirudi kwao, akaolewa, akaacha.

Bi Somoe alimkanda mjukuu wake kuanzia kiunoni kwenda chini mpaka arubaini ikatimia, kisha akafariki, akazikwa Pangani katika kaburi fupi. Mtoto wa Riziki aliitwa Mize. Alinyonya peke yake, hakungoja mtu, na sasa anakimbia. Ana miguu mirefu. Humwona bibi yake kwenye simu, na akiulizwa bibi yuko wapi huionyesha simu.

Mwanakheri huweka beseni chini ya piano kila asubuhi baada ya staftahi. Wote nyumbani humwita jina la heshima na hula naye sinia moja. Pasipoti imo mkobani, mkoba uko Qurayyat, na Qurayyat ni mwendo wa saa moja na ushei kwa gari.